Tupeane uzoefu: Haller Park na bustani nyingine za Mombasa, namna ya kuzitembelea ukaziona kweli

Mkaazi wa Bamburi

Hamjambo wenzangu. Likizo za shule zikikaribia, maswali huja yale yale: Haller Park yafunguliwa saa ngapi, watoto watamlisha twiga, tubebe nini. Nimeona tuyaweke pamoja. Anayejua mimea aandike ya mimea, anayeongoza watoto wa shule aandike yake, wa matatu atueleze ya barabarani. Nawaomba tupeane mambo ya kufanya pamoja na sababu zake, ili msomaji akifika aweze kuyatumia.

Naanza na mpangilio wa kutembea, maana hapo ndipo wengi hupoteza. Mgeni huingia, huuliza twiga wako wapi, hupiga picha, hutoka. Wanyama amewaona, lakini jambo lenyewe la mahali hapa limempita: amesimama ndani ya shimo la machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na jiwe la matumbawe likachimbwa hapo hadi sakafu ikabaki juu kidogo tu ya maji ya chini ya ardhi, ambayo nayo yana chumvi. Udongo haukuwepo, wala kivuli. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, alianza kujaribu miti. Alipanda aina 26. Zilizostahimili ni tatu: mvinje (casuarina), mnazi, na damas, mti unaotoka upande wa Somalia. Msitu wote mnaouona umejengwa juu ya hiyo mitatu, na juu ya mvinje zaidi.

Kwa hiyo, ukiingia, usianze na mnyama yeyote. Tafuta kwanza ukuta wa machimbo, ule mwamba mweupe ulionyooka kama umekatwa kwa kisu. Usogelee. Utaona vipande vya matumbawe na makombe ya kale vimeshikamana ndani ya jiwe, kwa sababu jiwe hili lilikuwa mwamba wa baharini zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Kisha inua macho uone ukingo wa juu: pale ndipo ardhi ilipokuwa kabla ya kuchimbwa. Baada ya hapo kila mti na kila dimbwi utalipima kwa jicho jingine.

Njia ninayopendekeza: ukuta, msitu wa mvinje, madimbwi ya samaki, kobe, ndipo twiga, kiboko na mamba mwisho. Ratiba iliyozoeleka ya kulisha wanyama ni twiga saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, kiboko saa kumi, mamba baada yake. Ukiingia saa saba na nusu mchana utapata saa moja na nusu ya kuzunguka kabla ya twiga, kisha yote yanafuatana bila kurudi nyuma. Wanaoingia saa tano kamili hujikuta wamemaliza twiga kisha wanasubiri kiboko saa nyingi, watoto wamechoka, wote wanaondoka kabla.

Dereva wa Mtwapa

Ya barabara haya hapa. Ukiwa mjini, matatu za Mtwapa na Bamburi zapatikana upande wa Posta na njiani kote hadi Buxton. Panda inayopitia barabara ya Malindi, umwambie makanga "Haller Park" unapolipa, siyo unapofika. Lango liko mkono wa kushoto ukitoka mjini. Ukipitwa, utashtukia uko Bamburi Mtambo. Shuka, vuka, rudi.

Kuvuka ndiko kwenye hatari. Ukirudi mjini lazima uvuke barabara, na magari ya pale huja kwa kasi, matrela yakiwemo, tena barabara hiyo imekuwa na kazi za upanuzi kwa hivyo mitaro na vizuizi hubadilika. Watoto washikwe mkono na wakubwa wakae upande magari yanakotokea. Msivuke mbele ya matatu iliyosimama, kwa sababu dereva wa nyuma hawaoni.

Foleni za daraja la Nyali zina mwelekeo wake. Asubuhi magari yanaingia kisiwani, jioni yanatoka. Anayelala kisiwani akienda Bamburi asubuhi na kurudi jioni anakwenda kinyume na msongamano, atapita kwa raha. Anayelala Mtwapa au Shanzu anayetaka kwenda Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari kisiwani, jioni pia hana shida kwenda, kurudi ndiko atakapokaa. Angoje mpaka saa mbili usiku.

Nauli hupanda mvua ikinyesha na saa za kutoka kazini. Tuktuk mkubaliane kabla ya kuingia, na useme wazi kama ni ya peke yenu au ya kubebana. Bodaboda na watoto wawili juu, hapana.

Mama wa Voi

Asanteni. Tutakuja na treni, mimi, watoto watatu wa miaka minne hadi kumi na moja, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Tuna siku moja kamili Mombasa. Haller na Mama Ngina zaweza kuingia siku moja? Na mama atatembea kiasi gani?

Fundi wa Vitalu

Mama wa Voi, wenzangu watakujibu ya mwendo, niruhusu niseme ya miti maana ndiyo kazi yangu.

Watu husifu mvinje kwa kuvumilia chumvi, na ni kweli. Lakini kuvumilia peke yake kusingeleta msitu. Mizizi ya mvinje ina vifundo vyenye bakteria wanaoitwa Frankia, ambao huchukua naitrojeni hewani na kuipa mti. Ndiyo maana uliweza kuota kwenye jiwe tupu lisilo na mbolea. Tatizo likaja baadaye: vijiti vyake vya kijani, vile tunavyoviita majani, huanguka mfululizo na haviozi upesi kwa sababu vina tanini nyingi. Vikalala chini kama zulia kavu. Rutuba yote ikabaki imefungwa humo.

Aliyefungua ni jongoo. Wale majongoo wakubwa weusi wenye miguu myekundu wa pwani yetu waliletwa msituni, wakala vijiti vile, na kinyesi chao kikaliwa na bakteria, kikawa udongo. Ukitaka kuona kwa macho, muombe mhudumu akuonyeshe mahali panaporuhusiwa kando ya njia, kisha tumia kijiti kufunua polepole. Juu kabisa vijiti vya kahawia vizima. Chini yake vimevunjika, vyeusi, vina unyevu. Chini tena utaona vipunje vidogo vya mviringo vilivyopangana, hicho ndicho kinyesi cha jongoo, na ukivifinya vinapukutika kama udongo wa shamba. Halafu kijiti kinagonga: jiwe. Unene wote huo ni kazi ya miti na wadudu tangu 1971. Ukimaliza, rudisha zulia kama lilivyokuwa. Lisiporudishwa jua linakausha na jongoo wanahama.

Jongoo usimshike kwa mkono mtupu. Akiogopa hutoa maji ya kahawia yanayochafua ngozi na kuwasha vibaya yakiingia jichoni. Mtoto akimshika, anawe kwa sabuni kabla hajajifuta uso.

Kwa wenye viwanja vya mawe Kisauni, Shanzu, Kikambala na hata Kwale, njia hii mnaweza kuifanya nyumbani. Hatua zake:

Vuna vikoni vya mvinje, yaani vitunda vyake vyenye mbegu, vikianza kugeuka kahawia, kabla havijafunguka. Vianike juani siku mbili tatu juu ya kitambaa, na uvifunike kwa wavu au shuka nyepesi, kwa sababu mbegu zina bawa na upepo wa kaskazi hauachi kitu. Mbegu za mvinje hazikai muda mrefu, kwa hivyo zisie mapema.

Sia kwenye trei yenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, nyunyiza mbegu juu, funika kwa mchanga mwembamba tu. Kitu kinachoharibu zaidi hapa ni sisimizi: watabeba mbegu zote usiku mmoja. Weka miguu ya meza ya kitalu ndani ya makopo ya maji, au zungushia jivu na ulirudishie kila likilowa. Mbegu huota baada ya wiki moja hadi mbili.

Miche ikifika sentimita 5 hadi 10, ihamishie kwenye viriba, ile mifuko ya kitalu. Kwenye kila kiriba tia ukufi wa udongo uliochotwa chini ya mvinje mkubwa, karibu na mizizi. Huo ndio unaobeba Frankia. Miche isiyopata udongo huo hubaki ya manjano, imedumaa, na wengi hudhani inataka maji, wakaizamisha.

Panda shambani masika yakishakolea, miche ikiwa na urefu wa sentimita 30 hadi 50. Shimo liwe sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Kwenye jiwe utahitaji mtaimbo. Jaza udongo na samadi iliyooza vizuri. Nafasi mita 2.5 kila upande kama wataka nguzo na boriti. Usipande karibu na nyumba, karo wala mabomba, mizizi yake husambaa juu juu. Na ujue mvinje ukikatwa chini hauchipui vizuri, kwa hivyo kila unaovuna uwe na mche wa kuziba pengo.

Mkaazi wa Bamburi

Shukrani, Fundi. Naongeza jambo moja dogo kuhusu madimbwi, maana watu huyapita haraka. Samaki wa tilapia wanaofugwa pale ni sehemu ya mzunguko: maji yaliyojaa uchafu wa samaki yana mbolea, mimea inayatumia, nayo yanasafika. Simama hapo uangalie maji yanakotoka na yanakoelekea. Mtoto wa darasa la tano akielewa hilo, ameelewa bustani nzima.

Mwalimu wa Tudor

Kwa shule. Andikeni barua mapema, mtaje idadi ya watoto, walimu na saa ya kufika, na mwombe kiongozi wa kuwatembeza. Bila kiongozi mtaona wanyama tu. Mtu mzima mmoja kwa watoto kumi, na kwa watoto wa chekechea mmoja kwa watano. Hesabuni watoto langoni, kila mnapohama kituo, na kabla basi halijaondoka. Wanaopotea hupotea kwenye kuhama, hasa kutoka kwa kobe kwenda kwa twiga, kwa sababu wengine hubaki nyuma kumgusa kobe.

Kila mtoto maji lita moja kwenye chupa ya kutumika tena, kofia, na viatu vilivyofungwa, siyo ndara. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na plastiki za kutumika mara moja zimekatazwa katika maeneo yaliyohifadhiwa tangu tarehe 5 Juni 2020. Chakula kiwe kwenye makopo yenye vifuniko vinavyobana. Hilo linasaidia na tumbili pia. Tumbili wa pale wamezoea watu, wanajua sauti ya karatasi ya biskuti. Mtoto asile huku akitembea. Tumbili akinyakua kitu, kiacheni kiende. Kung'ang'ania ndiko kunakoleta kucha na meno. Akimkwaruza mtoto, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha zahanati siku hiyo hiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa na pepopunda.

Kulisha twiga kuna adabu yake. Chakula ni kile cha punje anachotoa mhudumu, basi. Mkate, chapati na maandazi vinachacha tumboni mwa mnyama anayecheua na vinaweza kumuua. Mtoto anyooshe kiganja wazi, vidole vimebana, kidole gumba kando, asimame ubavu. Twiga hana meno ya mbele upande wa juu, anachukua kwa ulimi na midomo, kwa hiyo wasiogope kuumwa. Kinachoumiza ni kichwa: akishtuka hukizungusha, na kichwa kile ni kizito. Ndiyo maana mtoto mmoja mmoja, bila kupiga kelele, bila kuvuta mkono ghafla, na mwenye kupiga picha asimame nyuma ya mtoto, siyo kando ya shingo ya twiga. Halafu wote wakanawe.

Kobe wakubwa ni wa asili ya Aldabra, visiwa vya Ushelisheli. Msiwakalie. Watoto watauliza habari za Owen na Mzee, na walimu wengi huichanganya. Owen alikuwa mtoto wa kiboko aliyetenganishwa na kundi lake karibu na mdomo wa Sabaki, Malindi, wakati wa tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Aliokolewa, akaletwa Haller Park, akaambatana na kobe aitwaye Mzee aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi.

Zoezi linalofanya kazi: wape vikundi kazi ya kuchora mzunguko mmoja, kutoka jiwe hadi mvinje hadi jongoo hadi udongo hadi mti mwingine. Waandike chini ya kila mshale ni nani anayefanya kazi hiyo. Usiwape orodha ya wanyama kumi na tano wa kuweka alama. Watakimbia wakitafuta alama.

Binti Kibokoni

Mama wa Voi, nakujibu. Mbili kwa siku moja zaingia, kwa masharti.

Njia nyingi za Haller ni udongo, baadhi zina mchanga laini na mizizi iliyotokeza. Mwenye fimbo atatembea, taratibu. Kiti cha magurudumu membamba huzama, huhitaji mtu mwenye nguvu wa kusukuma, na baada ya mvua ni shida tupu. Mwambieni mhudumu langoni mapema, awaonyeshe njia iliyo imara zaidi na mahali pa kukaa. Mama afuate ukuta na kobe, kisha akae kivulini karibu na twiga huku watoto wakizunguka msituni na mtu mzima mwingine. Kivuli cha mvinje ni chepesi, jua linapenya, kwa hiyo mwavuli umfae.

Nyinyi nendeni asubuhi. Fikeni saa mbili na nusu, zungukeni kukiwa na ubaridi, twiga saa tano, tokeni saa sita. Kiboko na mamba wakati wa kulishwa mtawakosa, lakini kwa mtoto wa miaka minne, mamba wakilishwa nyama si lazima. Kuleni, mpumzike mahali penye feni, saa kumi mwelekee Mama Ngina.

Mama Ngina njia zake zimesakafiwa, zimesawazishwa, viti vipo, na kuingia ni bure. Magoti ya mama yatapumua. Kutoka mjini pandeni matatu ya Ferry, mshuke kabla ya kivuko. Bustani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, na Mashujaa Dei ya mwaka huo ilifanyika hapo. Simameni upande wa mlango wa Kilindini: meli kubwa za makontena hupita karibu mno, mpaka watoto wanasoma maandishi ya ubavuni.

Jambo la kuangalia ni maji. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu na siku mbili tatu baada yake, bahari ya Mombasa hujaa kama saa kumi au saa kumi na moja jioni, na kupwa kama saa nne asubuhi. Jioni hizo mawimbi hupiga mwamba chini ya bustani, na upepo wa kusi ukiwepo rasharasha hufika juu. Ni kuzuri kutazama, lakini watoto wasipande ukutani wala kushuka kwenye mwamba: unateleza, una ncha, na chini ya ukingo maji yameula kwa ndani. Siku za maji mafu bahari imetulia zaidi.

Kwa chakula, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, viazi karai, kachiri, mabuyu, dafu. Dafu semeni mnalolitaka, la maji tu au lenye nyama laini ya kukomba, maana muuzaji hulipasua tofauti. Kunguru wa pale ni jeuri. Sahani ikiachwa juu ya ukuta mtu akageuka, imekwenda. Kaeni na migongo kwenye mti au kibanda, chakula kiwe mbele yenu.

Ijumaa adhuhuri vibanda vingi hufungwa kwa swala. Ramadhani mchana hamtapata chakula cha barabarani, lakini baada ya tarawehe Mama Ngina hujaa familia hadi usiku mwingi. Kwa Mombasa nzima, hakuna pahali pazuri kama pale wakati huo.

Na mibuyu, tafadhali. Ile mikongwe iliyopo ilikuwepo kabla ya vibanda na sakafu, na eneo lenyewe lilikuwa na mji wa kale wa Tuaka. Watu wanachonga majina kwenye magome. Mbuyu huziba jeraha, lakini jeraha likiwa kubwa maji huingia, na mti unaohifadhi maji ndani ya shina huoza kuanzia humo. Mkimwona mtoto na msumari, mwambieni kwa upole, mumweleze sababu. Mkija kati ya Oktoba na Desemba tazameni maua meupe yananing'inia: hufunguka jioni na popo ndio wanaoyachavusha.

Mpiga Picha wa Nyali

Mafupi kwa wenye kamera. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 20 kabla ya kuitoa, la sivyo lenzi itajaa mvuke na ukiifuta kwa shati unaikwaruza. Chini ya mvinje mwanga una madoa; sura ya mtu ipige akiwa kivulini kabisa au juani kabisa. Ukuta wa machimbo ni mweupe, kamera itaugeuza kijivu na kufanya watu weusi mno, ongeza mwanga hatua moja. Rangi nzuri za ukuta hupatikana kabla ya saa tatu asubuhi.

Droni iacheni nyumbani. Kuirusha kunahitaji vibali, na twiga na ndege hupaparika.

Mwendesha Baiskeli

Ambao wamekwishaona Haller wasisahau kwamba machimbo mengine ya kampuni ya saruji nayo yalipandwa miti. Forest Trails ya Bamburi ina njia za kukimbia na baiskeli ndani ya msitu wa aina ileile. Tairi nene, siyo za lami: vijiti vya mvinje vikikauka huteleza kwenye kona kama mchanga, breki ya mbele ikibanwa ghafla umelala. Beba mpira wa ndani wa akiba na pampu, miiba ipo. Maliza kabla ya saa kumi na moja, baada ya hapo mbu.

Nguuni, hifadhi nyingine ya wanyama, iko bara kidogo, kupitia Kiembeni. Mbuni, pofu, choroa na twiga kwenye nyasi wazi, mikoma, na machweo mazuri kupita pote upande huu. Lazima mpange kabla. Ukijitokeza tu getini saa kumi na mbili hutaingia. Hakuna matatu inayofika ndani, mkodi tuktuk au gari na mkubaliane bei ya kusubiri na kurudi, kwa sababu giza likishaingia hupati usafiri pale.

Mama wa Voi

Asanteni sana, nimeandika yote. Swali la mwisho: tukikuta mvua? Tutakuja mwisho wa Aprili.

Fundi wa Vitalu

Aprili hadi Mei ni masika, dada, jiandaeni nayo. Mvua zetu hupiga sana alfajiri na asubuhi kisha hufunguka. Ikinyesha usiku kucha, msiende Haller mapema. Sakafu ni jiwe, maji hukaa kwenye mabonde, njia zinakuwa na tope jembamba linaloteleza. Ngojeni hadi saa tano, jua likitoka maji hupungua kwa haraka kwa sababu jiwe la matumbawe lina vitundu na hunywa. Basi geuzeni mpango wa Binti Kibokoni: asubuhi pumzikeni, saa saba na nusu Haller, twiga saa tisa, kiboko saa kumi, na Mama Ngina muifanye usiku kidogo.

Faida ya masika ni jongoo. Kiangazi hujificha chini kabisa, mtafunua na kukosa. Mvua ikinyesha hutoka juu kwa wingi, wanavuka njia, mtawaona bila kutafuta. Waambieni watoto watazame chini wanapotembea, wasiwakanyage.

Binti Kibokoni

Na kwa mama mkwe, fimbo iwe na mpira mpya chini. Ule uliolika huteleza kwenye tope la Haller na kwenye sakafu ya Mama Ngina iliyolowa, na mpya vibanda vya mitaani Mwembe Tayari wanauza. Nunueni mkishuka mjini, kabla hamjapanda matatu ya Bamburi.